Deni la Stoo

Buti jozi mbili, nimerudisha.
Mkanda, nimerudisha, pamoja na matundu matatu
niliyotoboa mwenyewe kwa msumari
mwaka niliokonda.
Kofia. Sufuria ya chakula. Kijiko, ingawa kimepinda.
Bunduki waliichukua mapema, wala sikuiaga.

"Blanketi moja, la sufu, rangi ya majivu,"
asema Koplo Ngatunga, kidole juu ya daftari.
"Sahihi ni yako. Blanketi halipo.
Hati haitoki."

Basi nipo hapa Ihumwa, siku ya kumi na tisa,
si askari, si raia,
suruali ya jeshi, shati la nyumbani,
nafagia uwanja ambao hakuna aliyeniamuru kuufagia.
Gwaride likianza, mguu wangu unainuka wenyewe.
Nauambia: tulia wewe, hawakuiti.

Mchana una vumbi, unapita.
Usiku ndio wenye maneno.
Treni ya kwenda mashariki hupita saa saba,
na mimi kitandani naitajia vituo
kama anayemfundisha mtoto kusoma:
Igandu. Msagali. Gulwe.
Ukishuka Gulwe ukakaza mwendo,
jua litakukuta Mpwapwa, mlangoni kwangu.
Nimevuka mito ya nchi za watu kwa kamba,
risasi zikitia mawimbi majini,
leo nimeshindwa kuivuka meza ya karani.

Blanketi najua liliko.
Mwaka ule wa njaa nilipewa likizo ya siku nne.
Nikamkuta Damari ana siku mbili tangu ajifungue,
kipupwe kinapiga, paa la tembe linavuja vumbi,
na mtoto kafungwa kwenye gunia la mahindi ya msaada.
Nikamfunika kwa mali ya serikali.
Sikuona aibu. Siioni hata leo.
Tukamwita Nyemo, ndiyo furaha kwa Kigogo.
Ana miaka tisa sasa, nami nimemwona mara tano.
Nimehesabu. Jeshi hukufundisha kuhesabu.

Nikaandika barua:
Damari, tuma lile blanketi.
Nilitaka kuuliza kama uwele umepurwa,
kama mlenda mmeanika wa kutosha,
kama yule mbuzi wa pembe moja angali mkorofi,
kama bado unalala upande wa ukutani
ukiniachia nafasi.
Lakini mkono huu umezoea kuandika ripoti.
Tuma lile blanketi, niliandika. Nikapiga mstari.

Likafika Jumanne kwa mkono wa mtu wa reli,
limefungwa kwa kamba ya mkonge.
Hamna barua. Ndani yake konzi mbili za karanga.
Linanuka moshi, samli,
na ule mkojo wa uchanga usiokubali sabuni.
Kwenye pindo palikuwa na tundu;
limezibwa kwa kitambaa cha bluu, kipande cha sketi ya shule,
mishono mikubwamikubwa, inapanda na kushuka,
mishono ya mkono mdogo.

Usiku ule nililala chini yake.
Baridi ya Julai ikapita nje kama doria.
Nikapata joto, kisha nikakaa kitako gizani,
maana Mpwapwa nako ni Julai,
na joto lile nilikuwa nimemvua mtu.

Asubuhi Ngatunga akalikunjua mezani.
Akaligeuza. Akainusa ile pindo.
Akapitisha kidole juu ya kiraka, mshono kwa mshono,
naye ana wake huko Masasi, hajawaona tangu mvua za vuli.
"Hili silo tulilokupa," akasema.
"Ndilo," nikasema.
Akafungua wino. Akaandika, polepole, kwa herufi za darasani:
Blanketi moja. Limepokewa. Bovu. Litupwe.

Tukalitazama wote wawili.
"Stoo haina jalala," akasema, akigonga muhuri.
"Kalitupe wewe. Mbali na hapa.
Huko upande wa Gulwe."

Saa ngapi sasa? Saa tano.
Hati ipo mfukoni, nimeishaipapasa mara mia.
Karanga zimebaki tatu.
Hizo sizili.